Ruta Kwenye Kidaka cha Mama

Jumapili, 2 Novemba 2025

Waifai imekatika tena. Laptop haioni kitu. Nimekaa ghorofani tangu alasiri nikitazama kile kiduara kinachozunguka. Kinazunguka tu, kama mzee aliyepoteza miwani.

Na leo ndiyo siku makala ya Zakiya imetoka. Nimeisoma kwenye simu. Ati nyumba zote za mtaa wetu wa Ndia Kuu zipakwe rangi nyeupe ili "mji upumue". Mji unapumua vizuri, Zakiya. Wewe ndiye uliyehamia Nyali, ng'ambo ya daraja.

Hoja mbovu. Imeandikwa vizuri. Hapo ndipo panaponiuma. Tulipokuwa shule alikuwa hajui nukta iwekwe wapi, mimi ndiye niliyemwonyesha. Sasa watu wanamwita "sauti ya Mji wa Kale". Mimi je — mwangwi?

Jumamosi tunakutana kwenye mjadala, moja kwa moja mtandaoni, yeye na mimi. Mama amesema atasikiliza. Wengine wasikilize wasisikilize, shauri yao. Namtaka Mama. Tangu macho yake yaingie giza humsomea kila ninachochapisha, Ijumaa baada ya isha, yeye kitandani, mimi kwenye kigoda. Ijumaa hizi za karibuni amesema amechoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepiga simu kampuni. Kijana mpole, aniita mama kila baada ya maneno matatu. Nimejaribu kuzima na kuwasha ruta? Nikamwita Mirriam kutoka juu ya ngazi — ndiye anayetusaidia nyumbani, na mikono yake haijai shajara na makaratasi kama yangu. "Nimeizima, Mwalimu! Nimeiwasha!" Hakuna kilichobadilika.

Kijana akaniambia niusahau mtandao, kisha niuunganishe upya. Ndivyo kompyuta yenyewe inavyosema: Sahau. Nikabonyeza. Sasa jina la nyumba yetu halionekani kabisa. Yako majina ya majirani, na la duka la vinyago la ng'ambo ya pili.

Kama kusahau kungekuwa kitufe, Zakiya ningemsahau tangu kidato cha pili.

Jumanne, 4 Novemba

Bado. Mirriam asema simu yake yashika vizuri sana anapomkanda Mama miguu. Nikamwambia laptop si simu. Nilijiona mwerevu.

Jumatano, 5 Novemba

Baada ya shule nimepeleka laptop kwa fundi, Mwembe Tayari. Akaifungua, ikaingia kwenye waifai yake palepale. Akanitazama kama mtu aliyepeleka mtoto mzima hospitali. Nzima hii, akasema, tafuta ugonjwa nyumbani.

Nimerudi na hasira zangu. Nimeifungua laptop, nimeibeba kwa mikono miwili, nikapita nayo chumba kwa chumba kama anayefukiza udi. Mirriam akacheka.

"Mwalimu, wafukuza mashetani?"

"Namfukuza mmoja."

Ngazini: hakuna. Sebuleni, kwenye rafu ya ruta: mstari mmoja, na ruta yenyewe haipo. Tangu lini haipo? Napita hapo kila siku. Mlangoni pa Mama: mistari yote.

Iko ndani ya kidaka cha ukutani, juu ya kitanda chake, pale zilipokuwa sahani za bibi. Imefunikwa kanga isiingie vumbi. Mbele yake limesimamishwa sinia la shaba la arusi ya Mama. Ruta ni ya moto kama mkate uliotoka tanuri. Ukuta wa matumbawe unene wa mkono mzima, halafu shaba. Hata mimi na mdomo wangu nisingesikika kutoka humo.

"Kile kilikuwa sebuleni, kila aingiaye yuwakiona," Mama akasema. "Kitu chema hakiwekwi mlangoni kikatiwa jicho."

"Mama, ni ruta."

"Sikukuuliza ni nini."

Na mimi nimeandika makala ngapi kupinga mambo ya jicho! Nimeondoa kanga na sinia. Nilipogusa waya, Mama aliuweka mkono wake kwenye ukingo wa kidaka, akauacha hapo. Basi nimeiacha ruta. Huku juu sasa napata mstari mmoja, unaokuja na kwenda utakavyo.

Alhamisi, 6 Novemba

Zakiya amekuja. Jioni, na sahani ya mkate wa mayai, na manukato yake yanayotangulia ngazi. "Hodi wenyewe!" Akaubusu mkono wa Mama. Mama akang'aa uso. Akang'aa! Mimi nikiingia huuliza kama nimefunga mlango.

"Nasikia mtandao wakusumbua, shoga. Jumamosi njoo kwangu, tukae meza moja."

"Tupigane kwenye sahani moja?"

"Si lazima tupigane."

"Basi wewe utasema nini?"

Mama akacheka. Sijui alimcheka nani.

Zakiya akaweka simu yake juu ya kitanda. Ikalia. Ikalia tena, ujumbe juu ya ujumbe, na alama ya waifai imejaa pomoni. Hakuomba neno la siri. Nimelibadilisha mwezi uliopita, majirani walipokuwa wakitunyonya. Nimeweka jina la paka wetu nilipokuwa mtoto, yule aliyezalia ndani ya kofia ya Baba. Tuliobaki hai tunaolijua jina hilo ni Mama na mimi.

"Umelipata wapi?"

Zakiya akamtazama Mama. Mama akageuzia uso dirishani, asikoona kitu.

"Huja asubuhi," Mama akasema. "Wewe ukiwa shule. Hunisomea kwenye simu. Ilikuwa yakatika humu, neno nusu, neno nusu. Ndipo nikamwambia Mirriam akilete hiki kidude karibu."

"Mimi nakusomea, Mama."

"Wewe wasoma kama wanigombeza."

Nikasikia mkate wa mayai unavyonukia iliki, nikauchukia.

"Anakusomea nini? Mambo yake ya rangi nyeupe?"

"Yake. Na yako."

Zakiya akasema taratibu kwamba Mama ndiye aombaye yangu, kila Ijumaa asubuhi, kwanza kabla ya kitu kingine. Mama akaitikia kwa kichwa. Zile Ijumaa hakuwa amechoka, akasema. Alikuwa ameshasikia.

Maneno yangu. Kwa mdomo wa Zakiya. Na yanamwingia.

Sikumsindikiza hadi mlangoni. Mirriam ndiye aliyemsindikiza.

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Jana sikuandika. Jana pia sikumsomea Mama, wala hakuniita.

Leo nimekuwa na mchana mzima wa kuirudisha ruta sebuleni. Kazi ndogo: waya mmoja, rafu ileile. Kule juu ningepata mtandao safi na mlango wangu ningeufunga. Na asubuhi humu chumbani neno lingekatika tena nusu, nusu, mpaka Zakiya achoke kuja. Niliushika waya. Mama alikuwa macho, amelala chali. Nikauachilia.

Basi niko kwenye kigoda changu, laptop juu ya sanduku la nguo, Mama kitandani na mto mgongoni. Mjadala umeanza. Nimesema kwanza. Nimesema kwa moto: kwamba rangi moja kwa nyumba zote ni sanda, kwamba mji hauvishwi sanda ukiwa hai. Watazamaji wamefurahi. Mama alijisogeza kidogo, akarekebisha mto.

Sasa ni zamu ya Zakiya. Nimezima kipaza sauti changu, naandika huku nikingoja jibu langu. Anasoma sentensi yangu mwenyewe, ile ya makala ya juzi, kabla ya kuipinga. Anaisoma polepole. Anapumzika mahali ambapo mimi sikuwahi kupumzika. Ni nzuri kuliko nilivyoijua.

Mtandao haukatiki. Hata mara moja. Wiki nzima nimeulilia, na sasa naomba ukatike.

Mama amenyoosha shingo kuelekea laptop. Midomo yake inaifuata sentensi. Anaijua kwa moyo.

"Mwanangu," amesema. "Mwongezee sauti kidogo."

Kalamu iko mkono wa kulia. Kidole cha kushoto kiko juu ya kitufe cha sauti.