Kingo za Picha

Jumapili, 2 Februari

Misa ya kwanza, chai, viazi, gemu la mpira. Kama kila Jumapili tangu tuoane. Ila leo ni kwenye TV mpya. Ile ya zamani, ya chogo, ilizima wiki iliyopita, na safari hii hata mimi nilikubali kwamba imekufa. Miaka kumi na minne natengeneza TV za watu hapa Ngara mjini, ya kwangu imenishinda.

Flati, inchi arobaini na tatu. Mashine ya gemu ni ileile ya zamani, na waya wake wa njano, nyeupe na nyekundu. Picha mbaya sana. Wachezaji wamevutwa kwa upana, wote wana vitambi. Rangi zimepauka. Unabonyeza pedi, mchezaji anafikiria kwanza ndipo anapiga.

Nimemfunga Sylvesta manne. Mume wangu hafungwagi manne. Kawaida nafungwa mimi, yeye anaimba hadi majirani wanajua matokeo. Leo hakuimba. Kasema TV hii inakula picha.

Nimeudhika. TV nimeichagua mimi.

Jumanne, 4 Februari

Nimefunga kibanda changu cha ufundi mapema, nikakaa na rimoti. Kwanza ukali wa picha: nimeushusha hadi sifuri. Watu huupandisha wakidhani ndio usafi, kumbe wanapata michirizi. Nimezima vile vitu vyote vya kulainisha picha. Nimeweka TV kwenye hali ya gemu, ule uchelewaji ukaisha palepale. Halafu ndani ya gemu lenyewe nikakuta sehemu ya kuchagua kioo kipana. Vitambi vimeondoka. Uwanja umefunguka, unaona mabawa yote mawili.

Nilijipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunipongeza.

Jumapili, 9 Februari

Nimemfunga matatu. Anasema bawa la kushoto limeliwa. Anapiga pasi, mpokeaji hayupo, halafu anatokea.

Nikakagua. Kweli! TV ilikuwa inaivuta picha hadi kingo zinatoka nje ya kioo. Saa ya mchezo kule kwenye kona ilikuwa nusu. Nimebadilisha, saa yote ikaonekana. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaigeukia, akasema ndiyo, ameiona.

Tukarudia mchezo. Nikamfunga tena. Kasema bado.

Jumamosi, 22 Februari

Waya mpya umefika na basi, ule wa vichwa vitano unaotenganisha rangi. Nimeutafuta wiki mbili. Nimechomeka, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaangalia tu. Nyasi zinaonekana. Namba za jezi zinasomeka. Mashine ya zamani hivi! Sijawahi kuona picha kama hii nyumbani kwa mtu yeyote katika wilaya hii, na nyumba nimeingia nyingi.

Sylvesta kaangalia muda mrefu. Kasema inapendeza katikati.

Katikati! Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili, 9 Machi

Aibu. Baada ya Misa tulitoka kwa mlango wa pembeni. Mzee Leopord wa jumuiya yetu alikuwa amesimama ukutani, upande wa kushoto, na kofia yake mkononi. Sylvesta kampita. Mwalimu mzima, hata shikamoo hakuna. Nikabaki nyuma kusalimia kwa niaba yake. Mzee kaitikia marahaba, kisha kaniuliza kama nyumbani kwetu kuna ugomvi.

Njiani nilimchamba. Sylvesta kasema hakumwona. Nikamwambia Mzee Leopord si sisimizi. Ndiyo Kwaresima tumeianza hivyo.

Hatukucheza.

Jumatano, 19 Machi

Sylvesta kapiga teke ndoo ya maji mlangoni. Ya pili mwezi huu. Sebule yote maji, mkeka umelowa, nyaya za TV nikazivuta kwa kukimbia. Nilimwambia aangalie anapokwenda. Kasema anaangalia.

Kitu kingine. Shuleni anaagiza madaftari yaletwe mezani, zamani alikuwa anapita kati ya madawati kusahihisha. Kanieleza mwenyewe kana kwamba ni utaratibu mpya. Nikadhani ni uvivu wa mtu anayekaribia hamsini.

Jumapili, 23 Machi

Naandika ingawa mkono hautaki.

Tulicheza. Nilimfunga matano, akaweka pedi chini, akasema anaikumbuka TV ya chogo, ile haikuwa na kona zenye giza. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kuwa picha haina tatizo, tatizo ni mtu asiyekubali kufungwa na mke wake. Nikamwambia nitamthibitishia.

Nikachukua boksi la TV, nikakata vipande viwili virefu. Nikamwambia acheze peke yake na mashine, mimi nitaziba picha kidogokidogo kutoka pembeni, aseme nikianza tu, ajue picha ikiliwa kweli inakuwaje. Akacheka, akakubali. Nikasimama nyuma ya TV, nikapenyeza kipande cha kushoto, upana wa kiganja. Nikasubiri alalamike.

Anacheza.

Nikasogeza. Cha kulia pia. Nilikuwa najiambia ananikomoa. Nikasogeza tena. Namba za magoli zikafunikwa. Anacheza. Nikawa namwangalia usoni, anauma ulimi kama anavyofanya akikaribia goli. Maboksi yalipobakiza nafasi ya daftari lililofunguliwa, ndipo akasema: "Haya sasa, Mama Neema, hapo umeanza kuziba."

Nikasema eeh. Nikatoa maboksi. Nikasema nakwenda kuangalia maharage. Hakukuwa na maharage jikoni.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anafunga viatu. Nimesema, jana nilikuwa nimeziba karibu kioo chote. Akaendelea kufunga kamba. Akafungua, akafunga upya. Akasema alidhani ni TV, kwa kuwa mimi nilikuwa naitengeneza.

Sijafungua kibanda.

Alhamisi, 27 Machi

Biharamulo, kliniki ya macho. Basi la asubuhi kupitia Nyakahura. Nilimkalisha dirishani ili aone mashamba, halafu nikawaza anaona nini.

Daktari ni dada mdogo, mpole. Kampima kwa mashine moja baada ya nyingine. Kasema ni presha ya macho. Haiumi. Inaanzia pembeni, inakula polepole, mtu mwenyewe hajui kwa sababu katikati panabaki pasafi. Kauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyepofuka. Tukatazamana. Baba mkwe alikufa kijijini Kibimba akiongozwa kwa fimbo, na sote tulisema ni uzee na moshi wa jikoni.

Kauliza imeanza lini. Sylvesta kajibu, bila ubaya wowote: "Tangu tununue TV."

Daktari kasema hapana, ni miaka. Ila kwa macho ya namna hii hata miezi ina maana. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote, ya kushikilia kilichobaki.

Miezi. Mimi nilikuwa na Februari yote na Machi karibu yote. Mtu ananiambia kushoto kumeliwa, mimi nabadilisha waya. Mlangoni kwa daktari nilishindwa kupiga hatua. Sylvesta ndiye alinishika mkono.

Ijumaa, 28 Machi

Wateja watatu leo. Mmoja kaleta TV yenye mstari mweusi pembeni. Nimemwambia aipeleke kwa fundi mwingine.

Najichukia. Naandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilipenda kuwa fundi kuliko nilivyopenda kumsikiliza.

Jumapili, 6 Aprili

Matone yanamchoma, analalamika kama mtoto, nafurahi akilalamika. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Mzee Leopord kumwamkia na kumweleza. Mzee alilia. Sylvesta karudi na mkungu wa ndizi.

Baada ya chai kaniomba niwashe gemu. Sikutaka. Kasisitiza. Basi nikafanya kinyume cha kila nilichofanya mwezi wa pili. Kioo kipana nimekizima. Picha nimeirudisha kwenye umbo la zamani, nikaipunguza tena kwa rimoti hadi ikabaki katikati ya TV, weusi pande zote nne. Kiti chake nimekisogeza nyuma hadi mgongo wake ukagusa mlango. Fundi yeyote angeniona angenicheka: inchi arobaini na tatu, na picha inatosha kufunikwa na sinia.

Akafunga goli kwa bawa la kushoto. Aliiona pasi, alimwona mpokeaji. Akasimama, akaimba ule wimbo wake wa kunizomea, wote.

"Umeipatia sasa," akasema. "Hii ndiyo picha."

Nilitoka nje. Nikashika ukuta wa choo nikalia hadi kichwa kikauma. Kisha nikanawa, nikarudi, nikafungwa mengine mawili. Sikumwachia, alinifunga kweli.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Umeme upo, lakini TV hatukuwasha, hakuna aliyeitaja.

Kuna jambo nimeligundua wiki hii. Miaka yote tumekaa ubavu kwa ubavu, mimi kushoto kwake. Kule ndiko kulikoliwa zaidi. Kwa hiyo sijui ni tangu lini amekuwa akiongea na sauti yangu tu.

Leo nilichukua kiti changu nikakiweka mbele yake, mbali kidogo, kama tulivyofanya na picha. Nikakaa na bakuli langu la uji. Akanyanyua uso. Akaniangalia taratibu, paji la uso, mabega, mikono, kipande kwa kipande, bila haraka. Mimi sikujitikisa.

Akasema nimekonda. Akasema hakuwa ameona.

Nikaacha uji upoe, ili amalize kuangalia.