Jiwe Halina Mapafu

Ghorofa ya pili, mlango wa kulia,
Mtaa wa Balmerrin 41,
Glasgow.
3 Machi

Mpendwa Murdo,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Wifi yangu Darlene hajambo? Na mapacha, shule inakwendaje? Theluji ya Calgary mwaka huu imewafika magotini au kiunoni? Mimi ni mzima. Mikono imepasuka kwa chokaa na moyo umejaa hadi kooni, lakini mzima. Mama naye yuko nyumbani, anakula, na sauti imeanza kumrudia.

Ndiyo, imeanza kumrudia, maana alilazwa. Zile Jumapili za Januari alizokuambia kwenye simu kwamba yuko jikoni anakoroga supu, alikuwa kitandani wodini na mpira wa hewa puani. Alinikataza nisikuambie. Leo nimeamua kumwasi.

Ulipokuja likizo mwezi wa Juni, mimi nilikuwa nimeshamaliza kukinga sebule na jiko dhidi ya baridi kwa mikono yangu, jioni baada ya kazi: sufu ya kondoo chini ya mbao za sakafu, vibao vya nyuzi za mti ukutani, na juu yake lipu ya chokaa. Wewe ukacheka. Ukasema kwa mwendo huo Mama atapata joto akiwa kaburini. Ukajifunga mkanda wa vifaa kiunoni, ukabandika povu gumu kwenye ukuta wa chumba chake, ukatandaza nailoni kutoka dari hadi sakafu, ukagongomea mbao za jipsamu juu yake. Tundu la hewa ukaliziba, na dohani ukaiziba. Kabla wiki haijaisha chumba kilikuwa cheupe kama sahani. Mjomba Torquil akaja na chupa ya wiski, akakupigapiga mgongo, akanigeukia mimi akaniambia nijifunze kwa mdogo wangu.

Nilikuonya. Nilikuambia jiwe la kuta za nyumba hii linapigwa na mvua ya magharibi mwaka mzima, linakunywa maji, na ni lazima liyapumue yatoke. Huko kwenu nyumba ni za mbao na baridi ni kavu, nailoni yako ni dawa. Hapa ni sumu. Nawe ukanijibu, glasi mkononi, "Jiwe halina mapafu, dada." Wote wakacheka, Mama kuliko wote.

Sawa, Murdo. Jiwe halina. Mama anayo.

Kuelekea Krismasi niliona ametundika koti lake la kanisani kwenye msumari kando ya kitanda. Nikamuuliza, akasema linapunga hewa. Baadaye nikakuta amesukuma na kabati la nguo hadi likagusa ukuta, mwanamke wa miaka themanini na moja anayeshindwa kubeba birika. Sikutilia maanani. Nikasema ni mambo ya uzee.

Siku gari la wagonjwa lilipomchukua nilirudi chumbani kumtafutia gauni la kulalia. Nikaliondoa koti. Ukuta ulikuwa mweusi, Murdo, mweusi wa kunuka, kuanzia usawa wa mto wake hadi sakafuni. Nikaenda kuchukua mtaimbo. Nilipoichana nailoni yako maji yalichuruzika yakalowesha soksi zangu. Ncha ya boriti inayoingia ukutani niliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea kama keki. Nikabomoa kila kitu na kukibwaga uani, nikikutukana kwa sauti hadi jirani wa chini akafungua dirisha.

Kesho yake nilikwenda wodini nimejikaza.

"Ulijua tangu lini, Mama?"

"Nijue nini tena?"

"Ukungu."

"Ah! Kaukungu kadogo tu kale. Nilikuwa nakafuta na siki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ili uanze kumsema mtoto? Katoka kote huko kuja kunitengenezea chumba. Mdomo wako naujua, Isbel."

"Na mimi ni nani, Mama? Mpangaji?"

Akajigeuza ukutani akajifanya amelala.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anaficha maradhi yako, si yake. Alilala na ukungu puani tangu kabla ya Krismasi ili jina lako lisichafuke. Mimi ninayempikia uji, ninayempandisha ngazi na kumkata kucha, ndiye mwenye mdomo. Wewe wa Juni moja ndiye mtoto. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe ulikuja, mwenyeji akaugua. Nina hasira nawe hadi usingizi unanikimbia, na naye pia nina hasira, ila yeye siwezi kumwambia kwa sababu anakohoa.

Tafadhali usimpigie simu kumlilia msamaha, atakufariji wewe badala ya kupumzika. Na usinitumie hela za fundi. Seremala ameshakata boriti mbovu na kuunga mpya. Tundu la hewa na dohani nimevizibua. Ukuta umekauka, na mimi na binti yangu Rhona tumeanza kuupiga lipu. Mama analala kitandani kwangu, mimi kwenye kochi. Daktari ametaja nyumba ya wazee, Mama akamwambia hatakihama chumba kile alimofia Baba ila kwa kubebwa maiti. Kwa hiyo ni lazima chumba kikamilike, tena kikamilike vizuri.

Mjomba Torquil anakusalimu, safari hii bila kelele. Rhona anawasalimu binamu zake, na anasema zile glavu alizoletewa na Darlene zimeisha kwa chokaa. Nami nawaombea nyote afya, paa lisilovuja na amani ya Mungu ndani ya nyumba. Hilo naliomba kwa moyo mweupe, hata kama kalamu imekuwa chungu.

Limebaki jambo moja. Ukuta wote utakuwa umekwisha kabla ya Pasaka isipokuwa kipande cha chini ya dirisha. Hapo Mama amenikataza. Amesimama na mkongojo wake mbele yangu akasema, "Hapo mwachie Murdo. Alianza yeye." Mfuko wa chokaa upo, mwiko nimeuosha. Na jana nilipoingia nilikuta ametundika tena lile koti lake la kanisani, juu ya hicho kipande kilicho wazi, ili watu wasikione.

Sikuligusa. Njoo uliondoe mwenyewe.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Isbel