Mama, Mizigo Yako Ilibebwa na Boti Nzima

Mama yangu mpenzi wa Rugerero,

Jana nilisikia honi ya boti ikiondoka hapa Gisenyi, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka safari yetu ya Nkombo, kisiwa alikoolewa dada Zawadi. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na kwenye simu alikuwa akilia: hana ndugu kule, hajui jirani hata mmoja, mume yuko kazini kutwa. Ulikata simu ukaanza kufunga mizigo.

Sijaona mtu aliyejua kufunga kama wewe. Mayai uliyafukia ndani ya unga wa mtama yasivunjike. Nguo za mtoto ulizipanga ndani ya sufuria, ukafunika, ukakaza kwa mpira. Beseni likameza blanketi, thermosi na sabuni. Halafu viazi, maharage, mkeka, na kuku mmoja mwenye hasira.

"Mama, na kule wanakula," nilikuambia.

"Wanakula yao. Mwenye kuzaa anakula ya mama yake."

Bandarini kapteni alilitazama lile rundo akashika kiuno.

"Mama, hii ni boti, haiko lori. Mizigo mbili kila mutu. Ingine inabaki."

"Inabaki na nani? Mutoto wangu amezaa!"

"Bon, hongera. Lakini sheria ni sheria."

Nilidhani utaacha viazi. Wewe ukawageukia abiria. Kila uliyemwona na mkono mtupu ulimsogelea: "Baba, we uko na kabegi tu? Basi unishikie hii mukeka." Mwalimu mmoja wa kule kisiwani akapewa maharage. Mwanamke wa Nkombo aliyekuwa akirudi kutoka sokoni akachukua kuku. Bwana mmoja mnene, amevaa tai, akajikuta amekumbatia sufuria. Mimi nilikuwa natazama ziwani kwa aibu. Kapteni alipopita kuhesabu, hakuna aliyezidisha. Akatikisa kichwa, akatupandisha.

Mbele ya safari boti ilisimama kwenye kisiwa kidogo, watu wachache wakashuka. Tulikuwa tumeshaanza kuondoka ulipopiga kelele: "Sufuria yangu!"

Bwana wa tai alikuwa ameshuka nayo, na nguo zote za mjukuu wako zilikuwa humo. Kapteni akasema hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya sufuria. Hapo boti nzima ikachachamaa.

"Ni nguo za mutoto wetu!" akasema yule mwalimu. Wetu, mama! Nilimsikia vizuri.

Kapteni akageuza. Tulimkuta yule bwana amesimama majini hadi magotini, na tai yake, ameinua sufuria juu ya kichwa, akituita kwa sauti ya kukata tamaa.

Tulipofika Nkombo, watu walitaka kukukabidhi vitu palepale ufukweni. Ukakataa. "Mwenye kubeba akuje aone mutoto." Tukapanda kilima kwa mstari, kuku akitangulia kwa makelele. Zawadi akafungua mlango, macho yamevimba, mtoto mikononi.

"Mama, hawa ni nani?"

"Ni mizigo yangu," ukamjibu.

Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Sisi tulirudi, wao wakabaki naye. Mwanamke wa kuku alikuja kila asubuhi kumwogesha mtoto. Mke wa mwalimu akawa rafiki yake hadi leo. Niliwahi kukuuliza kama ulibeba vingi vile makusudi. Ukasema, "Mi nilifunga viazi tu," ukaenda zako jikoni. Bado sijui kama nikuamini.

Mwaka jana tulipokuzika, walivuka ziwa. Walikuja na mananasi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, wakaketi uani kwetu wakibishana ni nani siku ile alibeba kizito kuliko wote. Mwanamke wa kuku akaonyesha alama ya kudonolewa kwenye kidole. Bwana wa tai naye alikuwepo, walimpitia kwenye kisiwa chake, akaapa kwamba maji yalimfika kifuani. Watu walicheka hivi kwamba mchungaji alipofika alisimama langoni akauliza kama msiba ni hapa kweli. Nilikwenda kumpokea nikiwa nalia na kucheka, nikamwingiza uani.

Nakukosa sana, mama, lakini sikukosi kwa huzuni tupu. Zawadi anakusalimu. Mjukuu wako naye anakusalimu. Sasa amenizidi kimo.

Lala salama.

Kitindamimba wako