Simu Moja ya Mwazye

Jumatatu, 5 Novemba
Nimefungua duka, nimefungua ripoti. Chai baadaye. Msimbo niliouweka kwenye tovuti yetu unafanya kazi sawasawa. Anayebofya tangazo la mbegu namwona: katokea wapi, kasoma nini, kaagiza au kaondoka tu. Bosi anauita mashine ya kuchungulia. Upepo baridi, mvua bado.

Jumatano, 7 Novemba
Kuna simu moja, upande wa kijiji cha Mwazye. Jana imebofya tangazo mara kumi na nane. Leo asubuhi tu, mara tisa. Haijaagiza hata pakiti moja. Na kila ikibofya, sisi tunalipa. Nimemwambia bosi. Anasema ni mshindani, anatumalizia pesa ya matangazo makusudi. Naamini hivyo hivyo. Nimekasirika kuliko yeye.

Ijumaa, 9 Novemba
Nimemkomesha. Msimbo huacha alama kwenye kila simu inayotutembelea, kwa hiyo nimeifungia ile moja peke yake. Ikifungua ukurasa wetu haioni mbegu wala bei. Inaona maneno niliyoandika mwenyewe, herufi kubwa, nyekundu: MWIZI TUMEKUJUA. USIRUDI HAPA. Bosi amecheka mpaka machozi. Na mimi nimecheka. Kudadadeki, atajua hajui.

Jumanne, 13 Novemba
Kimya. Jumamosi alijaribu mara sita, akaacha. Safi sana. Mvua ya kwanza imenyesha. Bosi kanipongeza mbele ya wenzangu.

Jumatatu, 19 Novemba
Duka limepoa. Watu wanapanda, na wa Mwazye hawaonekani. Wiki mbili zilizopita walikuwa wanakuja kila siku, gari lao likifika tu. Ripoti haina jibu. Mtu anayenunua hapa kaunta, msimbo haumjui.

Jumanne, 20 Novemba
Amekuja Mzee Savery, mkulima wa Mwazye, mteja wetu wa siku nyingi. Nikampa shikamoo, nikamuuliza wenzake wako wapi. Akasema siku hizi hawana wa kuwasomea. Yuko Mama Leokadia, mjane anayechaji simu za watu kwa sola. Yeye ndiye mwenye simu kubwa. Mtu akija kuchaji, anamfungulia tangazo letu, anamsomea kwa sauti: bei, mbegu ipi inafaa udongo gani. Akija mwingine, anafungua upya, kwa sababu kila mtu anataka asomewe yake. Halafu wanakuja kununua hapa.

Jumamosi ile alifungua, akasoma kwa sauti kama kawaida yake. Mbele ya watu. Akajaribu tena na tena, yakawa yale yale.

"Simu yenyewe imesema mwizi," Mzee akaniambia. "Sasa nani atampelekea simu yake?"

Wamemtoa hata uenyekiti wa jumuiya ya kanisani. Nimempimia Mzee mbegu mara mbili, nikakosea zote mbili. Sikumwambia ni mimi. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 21 Novemba
Nimeifungulia ile simu. Nimemweleza bosi. Anataka yaishe kimyakimya, tumtumie mama wa watu mfuko wa mbegu. Kwani mbegu itamwambia nani kwamba huyu si mwizi? Tumegombana. Nitakwenda mwenyewe. Naogopa.

Jumapili, 25 Novemba
Mwazye. Mwisho wa ibada, kwenye matangazo, katekista akanipa nafasi. Mama Leokadia nilionyeshwa: benchi la nyuma, peke yake. Nikasema simu haikusema kitu, niliyeandika ni mimi. Kwamba huyu mama hajaiba chochote. Kwamba aliwasomea watu wengi, mimi nikaona simu moja nikadhani ni mtu mmoja mbaya. Nikaomba radhi. Nikataka kukaa.

Mama Leokadia akasimama. "Mwanangu, mimi niliyasoma yote. Na wewe soma."

Nikasoma. Maneno manne tu. La kwanza lilinikwama, ikabidi nianze upya. Aibu ya namna ile sijawahi kuionja.

Nje watu walimzunguka wakimpa mikono. Wengine walilia. Mimi aliniambia nisafiri salama, basi.

Alhamisi, 29 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Mzee Savery kapita kununua dawa ya dumuzi, wadudu wa mahindi. Anasema meza ya Mama Leokadia imejaa simu tena, na uenyekiti wamemrudishia. Nimefurahi kwa kweli.

Watu wa Mwazye wanashuka mjini kama zamani. Wanapita mlangoni kwetu, wanatusalimu vizuri, wanakwenda kununua duka la mtaa wa pili. Tangazo la duka hilo ndilo analowasomea Mama Leokadia sasa. Bosi kanuna, anauliza tufanye nini.

Nimemwambia hakuna cha kufanya. Ningekuwa yule mama, na mimi ningewasomea la kule.