Goti la Nora halijapungua

Betty, tumetoka Koboko asubuhi kuja Arua, mimi, mke mwenzangu Nora na mzee, mume wetu, kwa ule utafiti wa magoti.

Daktari ameweka picha za MRI za mwaka jana na za leo. Gegedu langu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, limepungua. La Nora liko vilevile.

Vilevile, Betty!

Mwaka mzima anampakulia mzee chakula yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti, eti goti linamuua. Mimi nikimpakulia napiga magoti kila siku, nikijua kwa heshima nimemshinda.

Mzee alikuwepo, akasikia yote. Nikangoja amgombeze.

Akamwambia, "Nora, kumbe kiti kinasaidia. Endelea nacho."

Nikauliza, "Na mimi je?"

Akasema, "Pasca, kiti ni kimoja."