Mashine za Mkononi Nilizozificha Chini ya Kanga

Mayfair, Johannesburg, Jumamosi, Machi 2019

Mvua ya alasiri imekatika, umeme umerudi, na maharage yako jikoni. Leo nina moyo mwepesi, lakini nisijipambe. Nimemkosea kaka yangu.

Kaka Salim yuko Nagoya, Japani, mwaka wa sita sasa. Ananunua mashine za gemu zilizotumika, ananitumia kwa katoni, nami naziuza kwenye kibanda changu Marshalltown. Kwa mama yetu tumebaki wawili tu, na hadi leo mchana tulikuwa hatujasemezana miezi miwili.

Tulianza kwa ubishi. Kaka alisema niachane na mashine za nyumbani, zile za kuchomeka kwenye televisheni, kwa sababu huko Japani za mkononi zimezipiga chini siku nyingi. Watu wanashinda kwenye treni, nyumba ni ndogo, na televisheni ni ya familia nzima. Nikamwambia hii ni Joburg. Ukiitoa mashine yako kwenye taksi hapa, umeshaigawa. Nikamwambia na la ziada, kwamba amekuwa Mjapani, amesahau watu wanavyoishi. Yeye ni mkubwa wangu, na hakunijibu vibaya. Alituma katoni nusu kwa nusu, soko lituamulie.

Soko halikupewa nafasi. Za nyumbani nilizipanga mbele, zimefutwa vumbi, zinang'aa. Za mkononi nilizisukuma rafu ya chini na kuzifunika kanga. Mteja akiuliza, nasema hazitoki. Yaani niliiba mtihani niliousahihisha mwenyewe!

Halafu Papa Kalala, fundi cherehani wa kibanda cha pili, Mkongo wa Lubumbashi, akawanunulia wanawe mashine ya nyumbani. Siku ileile ikatoa moshi. Nilimrudishia pesa yake, kisha nikampigia Kaka na kumwambia ananitumia takataka. Alisema, "Haya, dada," akakata. Tangu hapo kimya.

Leo saa nane mgao wa umeme ukatukuta tena, wa pili tangu asubuhi. Cherehani ya Papa Kalala ikanyamaza, na wanawe watatu, ambao Jumamosi hushinda naye kazini, wakaanza kugombana. Akaja kwangu amechoka.

"Mama Zuhura, courant imeenda, batoto banasumbua. Hauna ile ya kushika mu mikono?"

Niliona haya kuinua ile kanga mbele yake. Nikampa mbili, zote zina chaji. Wale watoto wakakaa kwenye ngazi, wakatulia mpaka baba yao akacheka. Wapita njia wakaanza kusimama na kuuliza. Kabla mvua haijaanza nilikuwa nimeuza nne, na kila niliyemuuzia alikuwa na neno lake la kuulaani mgao.

Papa Kalala akaniuliza, kwa upole tu, kama kaka yangu hakuwa amesema chochote kuhusu ile iliyoungua.

Hapo ndipo penye aibu yangu kubwa. Kaka ni mtu wa Tanga hasa. Ujumbe wake wa sauti ni salamu dakika mbili, biashara dakika moja, kisha dua na kuagana. Mimi huruka salamu, nasikiliza biashara, nafunga. Leo nimeutafuta ule wa katoni, nikausikiliza wote. Baada ya dua, baada ya amina, anasema, "Ee, nilisahau. Zile za nyumbani safari hii ni za umeme wa volti mia, usizichomeke huko bila transfoma. Zitaungua, mdogo wangu."

Aliniambia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshafunga.

Nikampigia palepale, huko kwao ni usiku. Nilimwambia yote, ya volti na ya kanga. Akacheka, kicheko chake cha zamani, nami machozi yakanitoka kibandani kama mtoto.

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Kwamba za mkononi zimeshinda huko kweli, na anazo mbili, lakini toka afike hajawahi kukaa na mtu mbele ya televisheni moja wakagombania pedi ya kuchezea. Kila mtu ana yake, ameinamisha kichwa. Sasa imetoka mashine mpya ya kote kote, ya mkononi na ya kuchomeka. Amenunua moja, na pedi ya pili bado imo kwenye nailoni.

Nikamwambia ailete mwenyewe. Asitume kwa katoni. Aje Idd hii tule pamoja, kitanda kipo. Amesema Jumatatu anaomba likizo, na Kaka hasemi jambo asilolitaka.

Tulipokuwa wadogo sikuwahi kumwachia ashinde hata mchezo mmoja. Akija, nitaweza?