Walinisikia Kila Asubuhi

Jumamosi, 6 Septemba
Kasese tena, studio ya redio. Nimerekodi mawaidha ya wiki nzima kwa mkao mmoja. Dakika mbili kila moja, yatoke hewani baada ya adhana ya alfajiri. Ile ya kumtembelea mgonjwa imebidi niifupishe, ilizidi dakika mbili. Nimerudi Bwera na mvua. Nyumba baridi. Tangu mume wangu afariki napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki.

Jumatatu, 8 Septemba
Homa. Viungo vyote vinauma. Nimeswali nimeketi. Kisha redioni nikajisikia nahimiza shukrani, sauti nzito ya mtu mwenye afya. Nimeizima.

Jumanne, 9 Septemba
Sikufika bombani. Simu haina chaji, umeme umekatika tangu jana. Asubuhi wanawake wenzangu wa msikitini walipita nje wakienda sokoni. Mmoja akasema, "Leo Mwalimu Zaina amesema vizuri." Nikawaita. Sauti haikutoka. Wakapita.
Nimelia kwa hasira.

Jumatano, 10 Septemba
Maji yameisha. Leo ilikuwa zamu ya ile ya mgonjwa. Nimeisikia ikitoka redio ya dukani, nyuma ya nyumba. Mtembeleeni, nasema. Muulizeni hali.
Naogopa kufa. Naogopa kukutwa nimeharibika humu ndani huku redioni nawausia watu subira.

Alhamisi, 11 Septemba
Masika amevunja kitasa. Jirani yangu, mwanamke muuza ndizi, Mkatoliki. Miaka yote tumesalimiana tu. Alisimama juu yangu na panga mkononi.
"Mulango yako haifunguke tangu juzi," akasema. "Nikawaza, huyu mama iko na nini?"
Akaninywesha maji kwa kijiko. Akaita bodaboda, akakaa nyuma yangu, amenishika kiunoni hadi hospitali. Malaria. Wamenitundikia dripu.
Nikamuuliza kama alinisikia redioni.
"Mimi sisikilizake ile redio yenu, mama."
Nimecheka. Mbavu zimeuma.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeruhusiwa. Wanawake wa msikitini wamekuja na sukari na sabuni. Waliketi ukingoni mwa viti. Mkubwa wao akasema, "Tulikuwa tunakusikia kila asubuhi, mwalimu. Tukajua uko mzima." Sikuwalaumu. Walipoondoka nimeumia upya, sijui kwa nini.
Mtangazaji amepiga simu, anataka ya wiki ijayo. Nimemwambia sina. Aweke kisomo cha Kurani.

Jumapili, 14 Septemba
Masika ametoka misa, amekuja na kigoda chake na ungo wa maharage mabichi. Tumemenya barazani. Maneno machache. Alisimulia kidogo kuhusu mama yake aliyeko Karambi, kisha tukaendelea kumenya. Ilikuwa sawa.
Jioni amebeba ungo. Kigoda amekiacha, amesema atakikalia kesho.